Yai la Marehemu

Kijiji cha Ujamaa Tulieni,
Stesheni ya Igalula.
9 Agosti 1977

Baba yangu Mzee Shomari,

Shikamoo Baba. Naomba barua hii ikukute umekaa barazani na kahawa yako, na ule mguu wa kushoto uwe umekuacha ukalala. Mama naye mfikishie shikamoo yangu. Lukumani wa reli, kila apitapo hapa na treni, ameniambia kikohozi kimempungua tangu alipohamishia mafiga uani, nami nimefurahi sana, maana nilimwambia hivyo tangu zamani akanijibu kwamba moshi haujamuua mamake. Mimi mwanao ni mzima. Mikono imebabuka kidogo kwa kostiki, ile dawa kali ya kupikia sabuni, lakini nakula, nalala, na wanawake wenzangu wa kikundi cha sabuni wanasema nimenenepa.

Najua ulipouona mwandiko wangu uliiweka barua kando kwanza. Ni mwaka na miezi tangu niondoke nyumbani Kanyenye, na maneno niliyokuachia mlangoni siku ile sijayasahau. Nilikwambia biashara ya chumvi imekwisha, na wewe na chumvi yako mmepitwa na wakati. Hukunijibu. Ungenipiga kibao ningeumia kidogo kuliko ule ukimya. Sasa nakuomba uisome barua hii mpaka chini, kwa sababu lililo zito nimeliweka mwishoni. Nimeliweka huko kwa woga, sitakudanganya.

Kwanza nishukuru. Gunia la chumvi nililipata tangu mwezi wa tatu. Lukumani alilishusha Igalula na mizigo mingine ya reli, akaniambia ametumwa alete, na aliyemtuma hakusema neno. Hakuwa na haja ya kusema. Nililitazama fundo, nikaliona ni lile la kipagazi, ambalo ncha yake hupitishwa mara mbili na kufichwa ndani, ili mwenye mkono mwepesi akilifungua njiani asiweze kulirudisha lilivyokuwa. Ulinifundisha nikiwa na miaka saba, ukaniambia babu yako alilitoa Uvinza pamoja na mzigo wake wa chumvi begani, kwa miguu, mpaka Tabora. Nikakaa juu ya gunia nikalia mbele ya wauza karanga wa stesheni. Lukumani akadhani chumvi imelowa.

Baadaye ndipo aliponieleza kwamba yeye ndiye aliyekupa habari kuwa sabuni ya binti yako inayeyuka mkononi kama uji, na kwamba ulimsikiliza, ukaenda ndani, ukatoka na gunia la akiba yako mwenyewe. Ahsante Baba. Ahsante ya kwanza ndiyo hiyo, na zipo nyingine.

Nikueleze kazi yetu, maana hukuwahi kuniuliza na mimi sikuwahi kukueleza. Mawese yanatoka Kigoma kwa treni ile ile inayopita Uvinza. Tunayachemsha na kostiki kwenye pipa mpaka yanakuwa uji mzito, na hapo ndipo chumvi inapotiwa. Ikishaingia, sabuni inakatika na kupanda juu, na chini yanabaki maji ya rangi ya chai, mazito, ambayo tunayaita maji ya chini. Zamani tuliyamwaga nyuma ya banda, na pale yalipomwagwa hata magugu hayakuota.

Aliyetukataza kuyamwaga ni Hilari, fundi mwashi kutoka Puge, kijana mpole anayeongea kama anayehesabiwa maneno. Serikali ilimpeleka kozi ya miezi mitatu kujifunza mitambo ya gesi ya samadi, akarudi akatujengea mmoja nyuma ya zahanati. Ni shimo la duara la matofali ya kuchoma, limejazwa samadi ya ng'ombe iliyokorogwa na maji, na juu limefunikwa kwa pipa kubwa la chuma lililopinduliwa kifudifudi. Samadi ikioza humo ndani bila kupata hewa inatoa gesi, gesi inalinyanyua pipa, na mpira unaipeleka kwenye jiko la zahanati. Hilari alisema maji ya chini yana utamu ndani yake, unaitwa gliserini, na kwamba vijidudu wanaoozesha samadi wanaupenda kuliko samadi yenyewe. Sisi wanawake tulicheka. Tukayatuliza ukali kwa ukwaju kama alivyotuelekeza, tukamimina ndoo moja kwa kila ndoo kumi za samadi, na baada ya wiki pipa lilikuwa limepanda mpaka mstari wa chokaa ambao halikuwahi kuufika. Hatukucheka tena.

Ili ujue jambo hili lina uzito gani, Baba, kabla ya gesi kila mama mjamzito aliyekuja kujifungua hapa alitakiwa aje na mzigo wake wa kuni, wa kuchemshia maji na vifaa. Ndiyo ilikuwa sheria, na kuni za karibu zimekwisha, ni mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi. Marcelina, mkunga wetu, mama wa Kikatoliki asiye na mchezo, ndiye aliyeitunga sheria hiyo kwa kukosa njia nyingine, na ndiye aliyeifuta kwa furaha siku jiko la gesi lilipowaka. Alitoka nje akatangaza kwamba kuanzia leo mtu aje na mimba yake tu.

Sasa ndipo chumvi yako ilipoingia. Kipimo chetu kilikuwa vikombe vitatu kwa pipa, tena tulikuwa tunavibania kwa sababu chumvi ilikuwa haba. Mimi nilipopata gunia zima, kichwa kikavimba. Nikatia vikombe sita. Siku nyingine nikatia kumi. Sabuni ikatoka nyeupe, ngumu, mche ukiugonga na kijiti unalia. Watu wakaja kutoka vijiji vya mbali kuifuata, na mimi nikawa natembea katikati ya banda na kanga begani kama mke wa gavana. Hakuna aliyeniuliza nimezidisha nini. Nami sikuona sababu ya kusema.

Mwezi wa tano pipa la gesi likaanza kushuka. Hilari akaongeza samadi, likashuka. Akaongeza maji ya chini, maana ndiyo yaliyolipandisha mwanzo, likashuka zaidi. Mwishoni lilikaa kwenye matope kabisa, na jikoni moto ukawa wa kubabaisha, kisha ukazimika. Marcelina akairudisha sheria yake ya kuni huku amenuna. Wiki hiyo hiyo mkwe wa Mwenyekiti Limbu alifika zahanati mchana wa jua kali, uchungu umekwisha kumshika, na mzigo wa kuni kichwani. Mtoto alizaliwa salama, lakini yule mama alikaa siku mbili hajiwezi kwa uchovu, na kijiji kizima kikasema.

Baada ya hapo akaja bwana mmoja kutoka wilayani, na kaunda suti yake na kalamu tatu mfukoni. Akalitazama pipa, akamwuliza Hilari maswali, na Hilari kama kawaida yake akajibu maneno mawili matatu. Bwana yule akatamka lile neno ambalo wewe na mimi tunalijua, akasema hapa inawezekana pana hujuma. Akatoa mwezi mmoja. Pipa lisipopanda, mtambo utang'olewa upelekwe kijiji kingine, na fundi atachukuliwa akajieleze mbele ya wakubwa. Hilari ana mke na watoto watatu, Baba. Nilimwona anaondoka pale uwanjani, akapita banda la sabuni, akanisalimia vizuri kama siku zote.

Siku iliyofuata nilikwenda kumwaga maji ya chini, nikawakuta mbuzi wanaramba ukingo wa shimo. Hawakuwa wanakula kitu, walikuwa wanaramba matofali. Nikainama, nikaona ukoko mweupe umekauka pale maji yanapomwagikia, nikaugusa kwa ncha ya ulimi kama ulivyokuwa ukinifanyisha dukani. Ilikuwa chumvi, Baba. Chumvi yako. Nikakaa chini na mbuzi.

Ningeinuka saa ile nikamwambie Hilari, leo ningekuwa naandika barua nyingine. Sikuinuka. Nilikaa na jambo lile siku kumi na moja, nikawa napika sabuni, nacheka na wenzangu, na kila nikimwona Hilari nageuza njia. Sababu nitaisema mbele. Siku ya kumi na mbili nikakumbuka yai.

Nakukumbusha nawe. Nilipokuwa mdogo ulikuwa ukinihadithia namna mlivyokuwa mkichemsha maji ya chumvi kule Uvinza ulipokuwa kijana, na namna mnyapara wenu alivyopima ukali wake. Anachukua yai bichi, analiweka majini. Likizama, maji ni mepesi. Likielea na kichwa kikaonekana upana wa sarafu ya sumni, maji yameiva. Na ulikuwa ukinisisitiza lazima liwe yai la leo, kwa sababu la zamani linaelea popote. Mimi bila akili nikaazima yai kwa jirani, nikaliweka kwenye maji ya chini, likaelea. Nikaliweka kwenye maji ya kisima, likaelea pia. Karibu niseme kisima chetu nacho kina chumvi, mpaka nilipolipasua nikakimbia harufu. Nikatafuta la leo, la moto bado kutoka kwa kuku. Kwenye maji ya kisima likazama kama jiwe. Kwenye maji yangu ya chini likalala juu kabisa, ubavu wote nje. Ilikuwa zaidi sana ya sumni.

Nikaliweka yai hilo ndani ya kanga, nikaenda moja kwa moja kwa Hilari, nikamwambia mtu aliyeua mtambo wako ni mimi. Nilitegemea atanifukuza. Badala yake akaniuliza kama naweza kumwonesha lile yai linavyofanya. Nikamwonesha. Ndipo nikamsikia anaongea mfululizo kwa mara ya kwanza. Alisema kozini waliwahi kuonywa juu ya chumvi, kwamba ikizidi inawanyonya maji wale vijidudu mpaka wanashindwa kula, lakini hakuna aliyewaambia ikizidi kiasi gani, wala watu wasio na vyombo wapimeje. Akalishika yai lile akaligeuzageuza, akasema chombo ndicho hiki.

Tulichukua madebe manne, tukatia samadi sawa kwa sawa. La kwanza hatukuliongezea kitu. La pili tulilitia maji ya chini tuliyoyazimua mpaka yai likazama. La tatu, yale ambayo yai linaonesha sumni. La nne, yale yangu ya kiburi. Tukaziba midomo kwa udongo na nta, na kila debe tukalifunga mpira wa ndani wa baiskeli, uvimbe kama kuna gesi. Wanawake wa kikundi walipita kila asubuhi kutazama, wengine wakachagua debe la kushangilia.

La kwanza mpira wake ulivimba kwa kadiri. La pili ulivimba mpaka tukaogopa utapasuka, maana yake maji ya chini yenyewe hayana kosa. La nne ulilala bapa toka mwanzo mpaka mwisho. Na la tatu, Baba, lilitushangaza. Kwa zaidi ya wiki mbili lilikuwa bapa kama la nne, tukalikatia tamaa, kisha siku ya kumi na nane mpira ukaanza kunyanyuka polepole. Hilari alisema wale vijidudu wamezoea. Chumvi ya kadiri wakipewa kidogo kidogo wanaizoea, ila wakishtukizwa nyingi kwa pamoja hawana la kufanya. Nilimwambia hata mimi ningeshtuka. Akacheka, na nilikuwa sijawahi kumwona anacheka.

Hatukungoja madebe yamalize. Tangu mpira wa pili ulipovimba tulianza kuchota tope la shimoni ndoo kwa ndoo, tukatia samadi mpya na maji ya kisima, na maji ya chini tukayasimamisha kabisa. Siku mbili kabla ya mwezi wa yule bwana kwisha, pipa likatikisika upande mmoja. Kufika asubuhi yake lilikuwa limeinuka kiganja. Marcelina aliposikia alikuja na glavu zake mkononi, akalitazama, akaenda jikoni akafungua bomba akawasha kiberiti. Moto ulipowaka alikaa kwenye kigoda akafuta macho. Kisha akatoka akanikumbatia mimi, mimi niliyemletea balaa lote, akasema Mungu anibariki.

Bwana wa wilayani alirudi, ukaitishwa mkutano. Nikasimama nikasema mbele ya watu wote kwamba mkono uliozidisha chumvi ni huu wangu, Hilari hana hatia, na nikaeleza habari ya yai. Limbu alinihukumu kukoroga samadi kwa siku saba, watu wakapiga makofi, na Hilari akabaki na kazi yake na heshima yake. Leo kila pipa la sabuni likikatika, kabla maji ya chini hayajaenda shimoni yanapitishwa kwenye yai. Hakuna mama anayekuja na kuni. Jambo hilo lote limetoka kwako, Baba, kwenye hadithi ulizokuwa ukinihadithia mimi nikisinzia. Ahsante yangu ya pili ndiyo hiyo, nayo ni kubwa kuliko ya gunia.

Sasa nifike nilikokuwa nakuogopa.

Nilinyamaza siku kumi na moja kwa ajili yako. Nilijua nikitaja chumvi, nitaulizwa imetoka wapi. Na ninakumbuka serikali ilipofunga maduka ya watu binafsi, walivyokuja Kanyenye wakakuuliza umeficha magunia mangapi, wakakuchukua, na ukalala siku tatu kule ulikolala, ukarudi hutaki kula. Nikaona nikisema gunia limetoka kwa baba yangu aliyekuwa na duka la chumvi, na hapa limeua mtambo wa serikali, lile neno la hujuma litamtoka Hilari likupande wewe. Kwa hiyo nikamwacha Hilari alibebe. Hilo ni kosa la kwanza.

La pili ni baya zaidi. Mkutanoni yule bwana hakutosheka. Alitoa kalamu moja kati ya zile tatu, akaniuliza chumvi niliipata wapi. Nikasema kwa mzee mmoja wa Uvinza. Akauliza, na hii elimu ya yai nimefundishwa na nani. Nikasema ni mzee huyo huyo. Akauliza mzee huyo anaishi wapi, jina lake nani, aitwe. Uwanja wote ukanigeukia. Nami Baba, ulimi ukaniteleza, nikasema mzee yule amekwisha kufariki.

Nilikuua kwa mdomo wangu, mchana, mbele ya watu mia mbili, wewe ukiwa barazani Kanyenye unakunywa kahawa.

Yule bwana akafunga kalamu yake, yakaisha. Lakini watu hawakuyaacha yaishe. Hawa ni watu wa shukrani. Ijumaa iliyofuata wazee wa msikiti wetu mdogo walimsomea hitima mzee wa Uvinza, kwa kuwaokoa wanawake na kuni, na kila nyumba ikatoa bakuli la mchele. Nikaketi katikati ya wanawake nikapewa sahani ya wali wa hitima ya baba yangu. Nikairudisha sahani bila kuigusa. Wakadhani nina uchungu wa mwalimu wangu, wakanipoza. Jumapili yake Marcelina akaandikisha nia ya Misa, na kwa kuwa sikutaja jina, katekista akasoma kwamba tumwombee marehemu mzee wa yai. Siku hizi mtu akisahau kupima maji ya chini anaulizwa kama ameyapitisha kwenye yai la marehemu. Watoto wanaliimba.

Tena nikumalizie yote. Hapa kijijini sijawahi kuandikishwa kwa jina lako. Nilipofika nilijiandikisha Swaumu Twalibu, kwa jina la mwanamume aliyeniacha, ili nisiulizwe habari za duka. Kwa hiyo nilikuwa nimekukana hata kabla ya kukuua.

Jana usiku nimekwenda kwa Hilari na mkewe nikawaambia, na leo asubuhi nimemwambia Limbu. Nilidhani atakasirika. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akawa mtu mzima ghafla, akaniambia yule bwana wa wilayani amehamishwa, na hata angekuwepo, mzee aliyeleta jambo jema hana wa kumwogopa katika kijiji chake. Akasema kuna deni moja tu, kwamba watu wamekwisha kumwombea mtu aliye hai, na lazima waoneshwe.

Baba, mwezi wa Ramadhani umebaki siku chache uandame. Sitaki kuufunga na jambo hili kifuani. Nakuomba radhi kwa maneno ya mlangoni, kwa jina nililolificha na kwa kifo nilichokuzulia. Na nakuomba uje. Lukumani atakushika mkono wakati wa kupanda na kushuka, mguu hautapata tabu. Wanawake wa kikundi wametenga jogoo na mchele wa kuvunjia jungu, na Marcelina anataka akuoneshe jiko lake. Ukishuka Igalula nitakuwa nimesimama mbele ya watu wote, na nitakachosema nimekwisha kukijaribu peke yangu bandani mara nyingi: huyu ndiye marehemu, na ni baba yangu.

Kama huwezi kunisamehe, usinijibu, nitaelewa. Kama unaweza, usiandike kitu. Mpe Lukumani kamba iliyofungwa lile fundo, nami nitakwenda stesheni kukungoja.

Nimemkabidhi michembe ya viazi vitamu ya Mama, chupa ya asali, na miche miwili ya sabuni. Nimeipika kwa vikombe vitatu. Si ngumu kama ile ya majivuno yangu, lakini inatoa povu vizuri na maji yake yalizamisha yai. Wasalimie majirani wote wa mtaa, na Mama Amne wa maandazi mwambie bado sijapata wa kumshinda.

Nakubusu mkono.

Mwanao akuombaye radhi,
Swaumu binti Shomari